Pori la Bibi

Mhariri wangu alitaka maneno 800 na picha sita. "Si unaenda likizo huko huko kwenu?" alisema. "Tuletee Katavi. Barabara, milima, viboko, imetosha. Watu wamechoka kusoma Serengeti." Nikamwitikia. Makala za namna hiyo nimeandika nyingi, nyingine kwa usiku mmoja, na sioni aibu kukiri kwamba zina mtindo wake: unaanza na jua linachomoza, unamaliza na jua linazama, katikati unaweka tembo. Hii hapa siyo ile makala. Ile mpaka leo sijaipeleka, na mhariri ameshaacha kuniulizia.

Ilikuwa Oktoba 2022. Nilitoka Dar kwa basi mpaka Tabora, na pale Tabora shemeji yangu akanipa Prado yake kwa masharti marefu kuliko mkataba wa nyumba. Safari ilikuwa ya watu wawili, mimi na baba.

Baba alikuwa na miaka 73. Alifanya kazi reli miaka thelathini na mbili, sehemu kubwa kwenye treni ya Mpanda, ile njia inayochepuka Kaliua na kukata pori la Ugalla kilomita zaidi ya 200 mpaka Mpanda mjini. Ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa risasi. Madini yaliisha, treni ikabaki, na baba akabaki nayo mpaka alipostaafu. Kutoka kazini alichukua vitu viwili: koti zito la bluu iliyoiva, na tabia ya kupiga viatu kiwi kila asubuhi, hata kama siku nzima hatoki nje ya ua.

Tulikuwa tunaenda sasa, na siyo "mwaka kesho Mungu akipenda" kama alivyozoea kusema, kwa sababu ya macho. Presha ya macho ina ujanja wake, inakula pembeni kwanza. Baba mbele anaona vizuri tu, lakini ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ukikaa kando yake na kunyamaza, haupo. Daktari alishamwambia kwamba dawa zinapunguza mwendo wa ugonjwa, hazirudishi kilichokwisha kwenda. Aliporudi hospitali siku hiyo alinipigia simu, akaniuliza habari za kazi, habari za mtoto, habari za mvua za Dar, mwishoni kabisa akasema, "Mama, lile gari la shemeji yako bado linatembea?"

Nilijua anataka kwenda wapi. Nyumbani kwetu kila mtu alijua.

*

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Miembe ya Tabora ilikuwa imeshaanza kuzaa na watoto walikuwa wakirusha mawe kabla ya kwenda shule. Nadhani hakuna mtu aliyekulia Tabora asiyeambiwa kwamba miembe hiyo ni ya misafara, kwamba waliopita wakila maembe walitupa kokwa, na ukiifuata miembe unaifuata njia ya zamani. Sijui kama kila mwembe una historia hiyo. Lakini misafara ilikuwepo. Karne ya kumi na tisa kila pembe ya ndovu na kila mtumwa aliyetoka Manyema au Ujiji kwenda Bagamoyo alipita hapa Unyanyembe, na mizigo mingi ilikuwa kwenye mabega ya Wanyamwezi. Nasema mabega makusudi. Watu wa pwani walipenda kujitwika kichwani, Mnyamwezi aliweka begani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na hapo hujahesabu sufuria yake, mkeka wake na chakula chake mwenyewe. Babu yake bibi alikuwa mmoja wao. Bibi alisema bega lake la kulia lilikuwa na sugu kubwa, na watoto walikuwa wakigombania kuigusa.

Tulipopita njia panda ya kwenda Kwihara baba akaniuliza kama nilishawahi kuingia kwenye lile tembe la Livingstone. Nilishaingia, darasa la tano. Nakumbuka ubaridi wa kuta na mwalimu akituambia tusiguse. Stanley alifika naye hapo mwanzoni mwa 1872 kutoka Ujiji, akamwacha, na mzungu yule akakaa miezi akisubiri wapagazi kutoka pwani. Tarehe 25 Agosti mwaka huo akaondoka kuelekea kusini magharibi, Ukonongo, halafu ziwani. Hakurudi kwa miguu yake. Mwaka uliofuata Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake uliokaushwa kwa chumvi na jua, kutoka katika nchi inayoitwa Zambia leo, wakapita Ufipa, wakaufikisha Kwihara mwezi Oktoba. Pale wakamkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone akiwa hai. Cameron akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji hawakutaka maiti ipite kwenye nchi yao, basi wakaufunga mwili ukafanana na robota la nguo, wakatengeneza maiti ya uongo na kuwatuma watu wairudishe nyuma kana kwamba wamekubali kuzika. Wakaendelea mpaka Bagamoyo.

"Walikuwa na akili," baba alisema. Kisha, baada ya muda: "Na walikuwa na subira."

Barabara hii tuliyokuwa tunapita, ya Sikonge kwenda Mpanda, si njia kuu ya misafara. Njia kuu ilikwenda magharibi, Urambo, Malagarasi, Uvinza kwenye chumvi, mpaka Ujiji. Lakini mwaka 1871 Mirambo aliifunga kwa vita vyake na Waarabu wa Tabora, na Stanley, aliyekuwa na haraka ya gazeti lake, akalazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo. Kwa hiyo ukitoka Tabora kwenda Mpanda leo, kwa lami, unapita karibu karibu na mzunguko wa mwandishi wa habari aliyechelewa. Nilimwambia baba hivyo, nikidhani nimechekesha. Akaniuliza na huyo naye alitakiwa maneno mangapi.

*

Baada ya Sikonge na Ipole, nyumba zinaisha, yanabaki miombo. Kama hujawahi kuyaona miombo mwezi Oktoba, naomba unisikilize kidogo hapa. Mvua bado, ardhi imeungua, majani ya zamani yamekwisha. Halafu miti, bila kungoja tone la maji, inatoa majani mapya, na hayatoki ya kijani. Yanatoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine kama divai, mengine ya waridi kabisa, na jua likiwa nyuma yake msitu mzima unawaka bila moto. Inadumu wiki chache tu.

Nilikuwa naendesha na kumsimulia baba ya pembeni, kwa sababu ya mbele aliyaona mwenyewe. Lakini ukishaendesha saa mbili unachoka kusimulia.

"Kushoto kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu baba. Pori tu."

Akanyamaza. Tukapita kilomita nyingi, tukapishana na lori la mbao, tukapita geti la maliasili.

"Sasa magazetini unaandikaje," akasema, "kama huoni kitu?"

Nilicheka lakini iliniuma, kwa sababu siku hizo hizo nilikuwa nimekumbuka makala yangu moja ya zamani, kuhusu hifadhi nyingine kabisa, niliyoandika humo kwamba msomaji ataiona "ardhi ambayo haijaguswa na mkono wa binadamu." Sentensi ile ilipendwa. Iliwekwa juu ya picha.

Akaanza kunihoji. Majani yana rangi gani? Mekundu. Gome limepasuka au laini? Kuna mti umechunwa gome pande zote? Nikapunguza mwendo, nikatazama. Upo, umechunwa, umekauka umesimama. Hilo gome limekuwa mzinga, akasema, tazama juu ya miti mingine. Nikatazama. Kweli, kule juu kwenye panda mzinga wa gome umelala kama mtu aliyejinyoosha kupumzika. Kisha mwingine. Kisha, nilipozoea, ikawa kila baada ya muda naona mmoja. Miaka yote nimepita pale kwa basi, sijawahi kuiona.

"Kila mzinga una mwenyewe," baba alisema. "Na mwenyewe anajua kwa nini kauweka pale na si pale. Endesha."

Tulinunua asali kwa kina mama waliopanga chupa kando ya barabara, ile nzito nyeusi, na matoborwa ya kutafuna njiani. Tulivuka daraja la mto Koga, tukaingia mkoa wa Katavi, na alasiri tukafika Mpanda. Baba alitaka kwanza kupita stesheni. Akasimama kwenye jukwaa dakika kumi, hakuna treni, hakuna mtu, kuna mbuzi mmoja tu. Akavuta hewa, akasema twende tukalale.

*

Sasa niseme habari ya bibi.

Mama yake baba alikuwa Mkonongo, alizaliwa kama mwaka 1920, katika kijiji ambacho hakipo kwenye ramani yoyote niliyoona. Jina lake ninalo, ila baba aliniomba nisiliandike. "Ukiliandika wataweka bango," alisema. Kilikuwa upande wa huku wa mlima wa Wafipa, karibu na mbuga ya ziwa, nyumba chache kwenye uwanda. Bibi alipokuwa mtoto mdogo, wa kutembea lakini wa kubebwa akichoka, serikali ya Mwingereza iliwaamuru wahame. Sababu ilikuwa malale.

Mpango ule wa miaka ya 1920 na 1930 unajulikana. Watu waliokuwa wametawanyika kwenye miombo ya magharibi walikusanywa kwenye makazi makubwa, ili wafyeke miti kwa pamoja, mbung'o akose kivuli, na daktari awe na mahali pamoja pa kuwapimia watu. Daktari Maclean, aliyesimamia kazi hiyo, alizunguka nchi nzima ya magharibi akichagua mahali pa kuwaweka watu. Bibi hakuwahi kusema uongo kuhusu hili: watu walikuwa wanakufa kweli, alisema, mtu analala akila, analala akisema. Dada yake alikufa hivyo. Kuhama kuliwaokoa wengi, na inawezekana kabisa kwamba kulimwokoa yeye, na kwa hiyo baba, na mimi.

Lakini mbung'o naye alifikaje kuwa mfalme wa nchi ile? Helge Kjekshus aliandika kitabu mwaka 1977 kinachoeleza jambo hili vizuri. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe na wanyama wa porini. Vita na upagazi viliwaondoa wanaume mashambani. Njaa na maradhi vikafuata. Shamba lisilolimwa linaota vichaka, kichaka kinamkaribisha mbung'o, mbung'o anamfukuza aliyebaki. Pori likasogea kidogo kidogo mpaka mlangoni. Alipokuja mtu wa serikali na kuona pori limejaa mbung'o na watu wachache wanaoumwa, alidhani pori ndilo lilikuwa la kwanza. Baadaye ikawa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1974 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Leo ina zaidi ya kilomita za mraba 4,400.

Bibi alifariki 1994, akazikwa Tabora. Kabla hajafa alimwomba baba kitu kimoja: udongo wa kwao, kiasi cha kiganja, awekewe juu. Baba aliahidi. Alikuwa anafika Mpanda kila wiki. Kutoka Mpanda mpaka Sitalike, kwenye mlango wa hifadhi, ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Miaka ikapita ishirini na nane.

"Kwa nini hukwenda?" nilimuuliza usiku ule gesti.

"Kila mara nilikuwa na ratiba ya kurudi," alisema. Kisha akazima taa.

*

Asubuhi akapiga viatu kiwi, akavaa koti lake la reli. Nikamwambia baba, huko watu wanashauriwa wasivae bluu wala nyeusi. Akasema koti hili limeingia pori kabla hujazaliwa.

Pale Sitalike viboko unawaona kabla hujalipa chochote, wamelala mtoni chini ya daraja, na watu wa kijiji wanapita juu na baiskeli bila kugeuza shingo. Tulimchukua askari wa wanyamapori, kijana mwenye bunduki na adabu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Tukaingia.

Ndorobo walituvamia kabla ya kilomita ya tano. (Kitabuni mbung'o, kwetu ndorobo.) Kwenye miti kulikuwa na mitego yao, vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyotiwa dawa, vinaning'inia kama nguo zilizoanikwa. Na ndani ya gari kulikuwa na kitambaa kingine cha bluu, chenye mzee ndani yake. Walimfuata yeye. Mimi nilikuwa na shati la kaki, waliniuma mara mbili. Baba waliuma shingo, viganja, mpaka juu ya soksi, na koti hakulivua. Askari alikuwa anawaua kwa kofia yake, akiomba samahani kila anapompiga mzee mgongoni.

Kwenye daraja la Ikuu, mto Katuma ulikuwa umebaki tope. Oktoba ndiyo hivyo: viboko waliotawanyika maili nyingi wakati wa masika wanabanana kwenye dimbwi moja, mamia, mgongo juu ya mgongo, wanakoroma, wanajambiana, wanapigana bila nafasi ya kupigania. Mamba wanajificha kwenye mashimo ya kingo kungoja mvua. Harufu ile sijui niielezeje. Nilipiga picha mbili nzuri sana. Baba alisikiliza zaidi kuliko alivyotazama.

Kwenye mbuga ya ziwa Katavi, ambalo wakati huo lilikuwa nyasi za njano na nyati wengi kwa mbali, askari alituonyesha mkwaju wa Katabi. Huyo ndiye mwenye hifadhi, kwa jina: mwindaji wa zamani ambaye roho yake, wenyeji wanasema, inakaa kwenye mkwaju ule, na wanaomba hapo na kuacha sadaka kabla ya kuwinda au kwenda mbali. Baba ni Mkatoliki wa misa ya kwanza. Alivua kofia. "Mwangaluka," akasema, taratibu, kama unavyomsalimia mzee unayempita barazani.

Kisha akamweleza askari maelekezo ya bibi. Uupe mgongo mlima wa Wafipa. Jua la asubuhi liwe usoni kidogo kulia. Mikwaju miwili, kati yake kichuguu.

Askari alikuna kichwa. "Mzee, mikwaju humu ni mingi. Na vichuguu."

"Najua," baba alisema. "Twende tu."

Tulizunguka saa tatu. Pa kwanza si penyewe, pa pili tembo walikuwepo hatukushuka. Pa tatu kulikuwa na mikwaju miwili, na kati yake si kichuguu ila mwinuko uliomomonyoka ambao huenda uliwahi kuwa kichuguu. Askari alitangulia na bunduki, akatuita. Baba alishuka akatembea polepole, akigeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, kwa sababu ya lile bomba lake. Alijikwaa. Alijikwaa kwenye jiwe pana lililolala sawa na ardhi, na jiwe lilikuwa na shimo refu laini katikati, lile shimo ambalo linatokea mtu akisaga nafaka mahali pamoja miaka mingi.

Akachuchumaa. Akaingiza kiganja ndani ya shimo, kikaenea.

Nilitaka kusema kwamba jiwe lile linaweza kuwa la mtu yeyote. Waandishi tuna ugonjwa huo. Nikanyamaza. Yeye ndiye aliyesema: "Hata kama si la kwao. Kuna mwanamke alikuwa anapiga magoti hapa."

Baada ya muda akatoa mfukoni kopo dogo la plastiki lenye mfuniko. Lilikuwa limeoshwa likang'aa.

Askari aliliona. Akatazama pembeni, akatazama chini, na nilijua anachotaka kusema na kwamba hapendi kukisema. "Mzee wangu, samahani sana. Humu hakitoki kitu. Hata jiwe. Hata unyoya."

Nikapanda hasira. Nilianza kumweleza, kwa sauti ile ya kazini ambayo siipendi hata mimi, kwamba huyu si mtalii, kwamba udongo wa kiganja kimoja haumpunguzii nyati chochote, kwamba walioondolewa hapa hawakuulizwa, na kwamba kuna lori ngapi za mbao tumepishana nazo jana. Kijana alisimama ananisikiliza na bunduki yake begani. Bega la kulia.

"Mama," baba alisema. "Acha." Alikuwa ameshafunga kopo. "Mimi nimewashusha watu kwenye treni usiku, Ugalla, porini, kwa kukosa tiketi. Wengine walikuwa na sababu nzuri kuliko yangu. Kijana anafanya kazi."

Alibaki pale kidogo zaidi. Akazunguka lile jiwe mara moja, akasimama akachezesha miguu vumbini kama mtu anayetafuta pa kusimama vizuri, akarudi garini. Viatu vyake vilikuwa vimekuwa vyekundu mpaka kwenye kamba.

*

Picha za milima nilikuwa nazidaiwa bado, kwa hiyo baada ya kumshusha askari tuliendelea na barabara ya Sumbawanga, inayopita ndani ya hifadhi kisha inapanda Lyamba lya Mfipa. Ni ukingo wa Bonde la Ufa, mkono wake wa magharibi, na ukiwa chini unauona kama ukuta uliochongwa. Barabara inaupanda kwa kujikunja. Malori ya mahindi kutoka Ufipa yalikuwa yanateremka kwa gia nzito, breki zinanuka, vumbi likabaki hewani hata baada ya lori kupita, na niliendesha mikono ikitoka jasho, nikisikia sauti ya shemeji akitaja masharti yake. Kona moja tulikutana na lori uso kwa uso na ikabidi nirudi nyuma, upande wa bonde. Baba, ambaye upande huo haoni, alikuwa anatafuna matoborwa.

Karibu na juu nikapata mahali pa kuegesha, nikamshusha. Nikamgeuza mabega nilipotaka atazame.

Hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea, ingawa ukilifikiria ni hesabu tu. Ukichungulia kwenye bomba, cha karibu unaona kipande, lakini cha mbali sana kinaingia chote. Uwanda mzima wa Katavi, mbuga ya njano, mstari wa miti ya mto, miombo mekundu mpaka ng'ambo kwenye milima ya Mlele, vyote viliingia kwenye macho ya baba kwa pamoja. Alikuwa hajaona kitu kizima kwa muda mrefu. Alisimama na mkono juu ya paji la uso. Sikumsimulia chochote.

"Pale," akasema, akanyoosha kidole.

Nilifuata kidole chake. Nikapiga picha. Nimeikuza mara nyingi kwenye kompyuta tangu siku ile. Inaonyesha pori.

*

Tulirudi Tabora siku mbili baadaye kwa njia ile ile. Baba alilala njiani sehemu kubwa, shingo yake imevimba ndorobo walipouma, na niliihesabu mizinga peke yangu mpaka arobaini na kitu, nikapoteza hesabu Ipole. Niliangalia homa yake kila jioni kwa wiki nzima. Haikuja.

Kitu kimoja kilinishangaza. Asubuhi ya gesti ya Mpanda hakupiga viatu kiwi. Asubuhi iliyofuata, nyumbani, wala. Mpwa wangu alivichukua kwenda kuvifuta kama alivyozoea, na baba akamkaripia kwa sauti ambayo haitumii kwa watoto. Akavivaa hivyo hivyo, vyekundu, na koti juu, akaniambia nimpeleke makaburini.

Kaburi la bibi lina saruji pembeni, katikati lina udongo. Baba alishika msalaba kwa mkono mmoja, akavua kiatu cha kulia, akakaa kwenye ukingo wa saruji, akavua na cha kushoto. Akavigonganisha nyayo kwa nyayo juu ya kaburi, polepole, mara nyingi, akavigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa soli kutoa kilichobaki. Vumbi lilikuwa dogo sana. Upepo ulichukua nusu.

Akavaa viatu, akafunga kamba bila kutazama.

"Kiwi umeniletea?" akauliza.